Majirani Igombe, Mwanza: hela ya Januari iliyobaki

Mama Kulwa: Mwadila jamani. Hela tuliyochanga Januari imebaki. Tununue tena madaftari kwa wale watoto wa mwaloni?

Mwalimu Mstaafu: Mwadila mama. Mwaka jana tuliwagawia, picha tukapiga, wiki ya tatu madawati yako wazi. Mtoto aliyeamkia kuanika dagaa mpaka saa mbili, akaingia darasani na tumbo tupu, daftari utamsaidia nalo nini?

Baba Doto: Si elimu bila ada tangu 2016? Serikali ipo.

Mwalimu Mstaafu: Ada ndiyo iliyoondoka, baba, njaa haikuondoka. Ruzuku ya shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na humo humo vitabu, chaki, mitihani, ukarabati. Igawe kwa siku 194 za masomo uone. Haifiki Sh 60 kwa siku. Andazi la wapi hilo?

Mama Kulwa: Andazi langu mia mbili 😂

Dada wa Dukani: Basi kila mzazi atoe elfu tano. Asiyetoa mwanae abaki nyumbani.

Mwalimu Mstaafu: Futa hiyo, mwanangu. Mchango ni hiari, mtoto harudishwi nyumbani, mwalimu haruhusiwi kukusanya. Twende kwa kamati ya shule, waombe kibali.

Dada wa Dukani: _Ujumbe huu umefutwa_

Dada wa Dukani: Samahani mwalimu 🙏🏾

Mama Kulwa: Mimi napika kila siku, nisikilizeni. Tuwapikie uji, tuanze na darasa la kwanza na la pili tu, kama watoto 120. Gramu hamsini za unga kila mmoja, kilo 6 kwa siku. Debe la mahindi linakwenda siku tatu. Sukari ndiyo itakayotutoa jasho.

Baba Doto: Tuwasagie dagaa humo humo, nguvu tele.

Mama Kulwa: Kwenye uji?? Shemeji, utakunywa wewe.

Baba Doto: 😂😂 Haya, dagaa ziwe za makande ya Ijumaa. Natoa sado mbili. Ila niseme ukweli wa sisi wavuvi: msipite na daftari la michango mbalamwezi ikiwaka. Dagaa hawafuati taa, mitumbwi imelala, mtaambulia matusi. Piteni kwenye giza, siku ya nne ya tano hivi, mtu ameshauza.

Mwalimu Mstaafu: Miaka yote niliyofundisha hapa, vikao tuliitisha mwisho wa mwezi, kama vile wazazi wote wana mshahara. Leo ndiyo naambiwa.

Baba Doto: Hukuuliza mwalimu.

Mama Kulwa: Sufuria tutatoa wapi?

Dada wa Dukani: Za msiba si zipo? Zimekaa tu stoo.

Mama Kulwa: Ufunguo anao nani?

Baba Doto: Mimi. Ila ile kubwa imetoboka, kesho naipeleka kwa fundi.