Songwe–Dar–Dubai kwa tiketi mbili: kilo za mzigo zinahesabiwaje?

Binti_Uyole

Habari zenu wakuu. Tunasafiri wawili mwezi wa saba, Songwe (uwanja wa ndege wa Mbeya) hadi Dar kisha Dubai, siku kumi. Tiketi ya ndani inaonyesha 23K, ya nje 30K, ni mashirika mawili tofauti na bado sijalipia. Kwenda tuna mabegi mawili na mchele wa Kyela kilo 10 wa kuwapelekea ndugu. Kurudi ndiko kwenye mzigo wenyewe. Zile 30 zinaanza kutumika Songwe? Na tufanyeje tusilipie kilo nyingi?

Mzani_Mwanjelwa

Hapana dada, zile 30 zinaanzia Dar. Tiketi zikiwa mbili, kila shirika linakupimia kwa masharti yake, na Dar utachukua mzigo, utatoka nao na kuukabidhi upya. Kipimo chako halisi ni kile kidogo, 23. Ukifika Songwe na kilo 30 utalipia 7, hata kama Dar wangezipokea bure.

Kwa kuwa hujalipia, tafuta kwanza kama kuna anayekuuzia Songwe hadi Dubai kwa tiketi moja. Hapo kwa kawaida kilo ni zilezile mwanzo hadi mwisho, na begi linafungwa lebo ya Dubai hukohuko Songwe. Linganisha jumla yote, si bei ya kiti peke yake.

Jifunze pia zile herufi. K ni kilo: wanaangalia jumla, iwe begi moja au mawili. Ukiona 1PC au 2PC wanahesabu mabegi, mara nyingi kila moja lisizidi kilo 23, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Mwenye 1PC akija na mabegi mawili ya kilo 11 kila moja, la pili analilipia lote, ingawa jumla ni 22 tu. Halafu tozo zinapandana: begi la ziada lina bei yake, uzito uliozidi bei yake, ukubwa uliozidi bei yake, na begi moja linaweza kubeba zote tatu. 0PC ni nauli ya begi la mkononi basi. Ndiyo maana inaonekana rahisi.

Nyie wawili kateni tiketi pamoja, kwa namba moja ya booking. Mashirika mengi yanayopima kwa kilo hukubali kujumlisha: 23 na 23 ni 46, kwa hiyo begi la 27 na la 18 yanapita. Ulizeni kabla, na mfike kaunta pamoja. Ila begi moja lisivuke 32. Hilo hata ukiwa na hela watakwambia upunguze, maana kuna mtu wa kulinyanyua.

Kihesa_Juu

Kamwene. Mwenzangu kamaliza habari ya tiketi, mimi niseme ya kufungasha.

Sanduku gumu kubwa likiwa tupu linakaribia kilo 4.5. Katika 23 umebakiwa na 18.5 kabla hujaweka hata soksi. Begi la kitambaa lisilo na magurudumu ni kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo kilo 3 umezipata bure. Koti la baridi la Uyole mwezi wa saba livae, usilifungashe. Viatu vizito navyo vivae.

Pima nyumbani. Panda mzani ukiwa umebeba begi, kisha panda mikono mitupu, toa. Acha kilo moja ya tahadhari, kwa sababu mzani wa nyumbani na wa kaunta huwa havikubaliani, na wa kaunta ndio unaoshinda. Begi la mkononi mara nyingi ni kilo 7, na siku hizi nalo linapimwa.

Ndege za panga boi za safari za ndani zina vishubaka vidogo juu ya viti. Begi la mkononi lenye magurudumu linaweza kuchukuliwa mlangoni likapakiwe chini. Pesa, dawa, hati na powerbank viwe kwenye mfuko mdogo unaotoka haraka, maana powerbank hairuhusiwi chini. Ya mAh 20,000 ni kama wati-saa (Wh) 74, iko ndani ya kikomo cha Wh 100.

Mchele? Kilo 10 ni karibu nusu ya kilo zako za Songwe. Kama lazima, utumeni Dar kwa basi siku mbili kabla, ndugu aupokee, muuongeze kwenye zile 30. Mimi ningepeleka kilo 3 za heshima.

Makambako_Njiapanda

Kurudi: kilo ambazo hamkuzitumia kwenda hazihamii kurudi. Na kikwazo kitakuwa kilekile, Dar–Songwe 23. Mnunue kilo za ziada mtandaoni mapema kwa safari ya Dubai–Dar, kwa kawaida ni nafuu kuliko kaunta, ila dirisha hufungwa saa kadhaa kabla ya kuruka. Kipande cha Dar–Mbeya pakieni kwenye basi.

Mkipeleka bidhaa kwa kago ya ndege, jueni wanapima pia ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Boksi la 60 × 50 × 40 lenye ndala za kilo 9 litahesabiwa kilo 20. Boksi hilohilo kama mzigo wa abiria ni kilo 9, na vipimo vyake vikijumlishwa ni 150, linapita. Kwa hiyo vyepesi vinavyojaza nafasi mbebe wenyewe, na vidogo vizito viende kago.

Binti_Uyole

Ndaga fijo. Tiketi moja nimeipata, imezidi kidogo tu na ni 30K toka Songwe. Asali je, lita moja?

Kihesa_Juu

Chini, si mkononi. Mkononi kwa safari ya nje kimiminika mwisho ni mililita 100 kwa chupa. Usiijaze hadi shingoni, zungushia mfuniko selotepu, iweke ndani ya kopo la kubana. Na ihesabu kilo 1.4, asali ni nzito kuliko maji.