Kuku wangu wa oveni amechemshwa. AMECHEMSHWA!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mtu mnamjua, yule mjuaji wa kila jiko asiloliwasha yeye. Leo kamchukua kuku wangu mzima, katoka kwenye oveni muda huohuo, kamtumbukiza kwenye sufuria ya maji. Maji, jamani!

Kuku huyo nilimpaka chumvi jana usiku, nje mpaka ndani ya tumbo, akalala kwenye friji bila kufunikwa ili ngozi ikauke. Nikapenyeza vidole chini ya ngozi ya kidari, nikasokomeza siagi na kitunguu saumu kilichopondwa. Tumboni limau. Oveni nyuzi 220 mpaka akashika rangi, kisha nikashusha hadi 180. Ngozi ukiigusa kwa kisu inalia kwacha! Harufu yake ingemfufua maiti akaulizia sahani.

Nikamwacha apumzike dakika 15, mchuzi utulie ndani ya nyama, nikaenda kupanga meza. Yeye huku nyuma kapasua paja, kaona wekundu kwenye mfupa, kapaza sauti wageni wote wasikie: "Huyu mbichi, mnataka kutuua?" Halafu SUFURIA. Paja nililipima, kipimajoto mbali na mfupa, nyuzi 80, wakati 74 zinatosha! Wekundu ule ni rangi ya uboho, kuku mchanga anautoa hata akiwa ameiva kabisa.

Narudi jikoni, ngozi inaelea. Ngozi yangu. INAELEA.

Mwiko_Mrefu: Pole mkuu. Ila hapo kwenye "inaelea" nimecheka mpaka nimeamsha nyumba nzima.

Kidari_Kikavu: Mleta mada, supu ilikuwa tamu? Jibu swali.

Mleta mada: SIJAIGUSA. Kipimajoto kilikuwa kando ya sinia, angechomeka tu! Kaenda kutafuta sufuria!

Jiko_Halizimi: Wako kasubiri kuku atoke, una bahati. Wangu anafungua oveni kila dakika eti "anaangalia". Joto lote linatoka nje, tunakula usiku wa manane.

Bibi_Sinia: Hao wote wana nafuu. Kuna wanaoosha kuku mbichi kwenye sinki, bomba wazi mpaka mwisho, matone yanarukia mpaka kwenye saladi. Vijidudu vya kuku vinauawa na moto, bomba linavisambaza tu!

Mwiko_Mrefu: Bibi, mimi naosha tangu utotoni na sijafa.

Bibi_Sinia: Wewe hujafa. Wageni wako umeshawahi kuwauliza waliamkaje?

Kidari_Kikavu: Mwiko usijibu, nilikula kwako juzi.

Jiko_Halizimi: Fungueni uzi wenu wa kuosha kuku. Hapa tunazungumzia wanaofungua oveni.