Naomba ushauri: Marlin 336 ya kabla au ya baada ya kiwanda kuhamishwa?

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaishi Pennsylvania, Marekani, na ninatafuta bunduki iliyotumika ya kuwindia kulungu, Marlin 336 ya risasi za .30-30. Duka la hapa lina mbili. Moja ina alama ya JM kwenye mtutu, yaani ya kiwanda cha zamani cha North Haven, Connecticut. Nyingine, yenye nafuu ya bei, ina alama ya REP, iliyokuja baada ya Remington kuinunua Marlin, kukifunga kiwanda hicho mwaka 2011 na kuhamishia kazi Ilion, New York. Wawindaji wengi bado wana kinyongo na uhamisho ule, kwa kuwa mafundi wazoefu walibaki nyuma na bunduki za mwanzo zililalamikiwa sana, ingawa nashuku mengine ni mapenzi tu ya vitu vya kale.

Hiyo ya REP nimeikagua: mbao zimekutana vizuri na chuma na kilengeo cha mbele hakijainama, ila sijaruhusiwa kuijaribu kwa risasi.

Je, nikague nini zaidi kabla ya kulipa? Au ni afadhali nichukue mpya, inayotengenezwa sasa na Ruger huko Mayodan, North Carolina?