Shule bure nataka, ila mahindi yangu niuze nitakako. Mimi mrengo gani?

Mkulima wa Mbozi:
Wakuu habari za jioni. Juzi kijiweni nimeitwa mjamaa, jana shemeji kaniita bepari, na maneno niliyoongea ni yale yale. Iko hivi, naamini shule na hospitali ni kazi ya serikali, na wenye hela wakatwe kodi zaidi hata kama watanuna. Mwanangu wa kwanza alikuwa anarudishwa nyumbani kila muhula sababu ya ada, mdogo wake kaingia form one 2016 ada ishafutwa, tofauti nimeiona kwa macho yangu. Ila kwenye mazao sitaki kusikia mtu. 2017 walivyopiga stopu mahindi kuuzwa nje nilikuwa na gunia 70 stoo, Tunduma mpakani na Zambia hiyo hapo pua na mdomo, bei ikalala nikauza kwa hasara huku nashuhudia. Jembe langu, jasho langu, halafu unanipangia wa kumuuzia? Kwenye mambo ya mila nako niko kizamani, sifichi. Sasa niwekeni fungu gani?

Kidato6 Arts:
Mbona simpo, wewe ni sosho demokrati. Soko liachwe lizunguke, kodi ndo isomeshe watoto, Sweden wako hivyo na wana matajiri wa kutisha. Usichanganye na Azimio la Arusha, lile la 1967 lilitaka njia kuu zote za uchumi ziwe za umma na wiki ile ile mabenki yakataifishwa.

Babu Foleni:
Dogo usimjaze mwenzio maneno ya darasani. Sisi tumepanga foleni ya sukari na sabuni kwenye duka la kaya, na 1983 kwenye msako wa wahujumu uchumi watu walimwaga mali usiku kwa woga, mpaka alipokuja rais Ali Hassan Mwinyi na ruksa zake ndo tukavuta pumzi. Anayetaka soko huria na mila zibaki zilivyo huyo mhafidhina. Matibabu bure sio hoja, Uingereza chama cha wahafidhina, Conservative, kimetawala miaka kibao na watu bado wanatibiwa bure.

Mtu wa Pwani:
Mnamwonea bure. Katiba yenyewe ibara ya 3 mpaka leo inasema nchi hii ni ya kijamaa, angalia nje ya dirisha uniambie. Na vyama je? ACT wana Azimio lao la Tabora la kufufua ujamaa, CUF walijiunga na umoja wa waliberali duniani, wale wa uhuru wa mtu na soko, kamata wanachama kumi wa chama chochote waulize itikadi yao, watakuimbia nyimbo za kampeni. Ila mkulima nikuulize kitu kimoja, mbolea ya ruzuku unachukua au unanunua bei ya soko?

Mkulima wa Mbozi:
😂😂 Nachukua mkuu, nilijiandikisha tangu 2022 ilipoanza. Hapo shemeji asione huu uzi.