Ubao wangu wa "papa" unawachekesha Wataliano, niufute?

Mpishi_wa_Pwani:
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nna banda la chakula Kiwengwa, Unguja, jirani na mahoteli. Nnachouza zaidi ni papa: wa nazi, wa kuchoma, na papa mkavu kwa wenyeji. Mwezi uliopita nikaona niwaandikie wageni kwa Kitaliano, maana huku ndio wengi. Mpwa wangu akashika simu, akatafsiri kila kitu isipokuwa papa, eti hilo ni jina la chakula, liache. Ubao ukasomeka PAPA ALLA GRIGLIA, na chini yake PAPA AL COCCO.

Tangu siku hiyo wageni wanasimama, wanacheka mpaka wanafuta machozi, wanapiga picha, wanakwenda zao. Kula hawali. Juzi papasi mmoja, hawa vijana wanaotembeza wageni, anayekijua Kitaliano akanambia, "Mzee, umeandika Baba Mtakatifu wa kuchoma."

Na si wao tu. Wiki hii kaja mgeni wa Argentina, akaagiza papa kwa furaha. Sahani ilipofika akaitazama, akanitazama mimi. Kumbe alikuwa anangoja chipsi!

Nishaurini. Nilifute neno lenyewe? Na mbona liko kila mahali, asili yake moja?

Kasuku_Mweusi:
Usifute mkuu. Hizo picha ni matangazo ya bure 😂😂

Mpishi_wa_Pwani:
Matangazo hayanunui mkaa, ndugu yangu.

Mwalimu_Mstaafu:
Mzee, umeponzwa na mkazo. Sisi tunasema PA-pa, na Mtaliano akitamka hivyo hivyo anamtaja mkuu wa Kanisa. Akiupeleka mkazo mwisho, papà, huyo ni baba mzazi. Akiikaza p ya katikati, pappa, hicho ni chakula laini cha mtoto mchanga. Papa wa Roma ametokana na Kilatini, nacho kililipata kwa Wagiriki, ambao pappas kwao ni mtoto anavyomwita baba yake. Wakatoliki wetu nao wanalitumia, sikiliza tu misa.

La yule Muargentina ni jingine kabisa. Hilo ni la Kikechua, lugha ya watu wa milima ya Andes, waliolima viazi karne nyingi kabla Mhispania hajakiona kiazi kwa macho. Alipofika akalibeba neno pamoja na mbegu. Kwa hiyo kwenye Kihispania cha Amerika kijineno cha mbele ndicho kinachowaokoa: la papa ni kiazi, el papa ni wa Roma. Ukikosea hapo, nao wanacheka kama hao wa kwako.

Bint_Forodhani:
Mwalimu, mbona Wahispania wa Hispania wanaokuja huku husema patata?

Mwalimu_Mstaafu:
Swali zuri binti. Walichanganya papa na batata, neno la Wataino wa visiwa vya Karibi, ambao batata kwao ilikuwa viazi vitamu. Sasa nawe niambie, kwenye urojo wako pale Forodhani mnatia nini?

Bint_Forodhani:
Mbatata! Subhanallah. Ndiyo hiyo hiyo?

Mwalimu_Mstaafu:
Ndiyo hiyo hiyo. Wareno waliisambaza kwenye bahari yetu, hata Wagujarati wanasema batata.

Dereva_Bodaboda:
Kwa hiyo papa wa baharini na Papa wa Roma ni ndugu? Wote wakubwa na wote wanaheshimiwa.

Mwalimu_Mstaafu:
Hapana bwana. Kwa Wamaori wa New Zealand, Papa ni ardhi, mama wa viumbe. Naye utamtia kwenye ukoo huo? Silabi fupi kama hizi hazikosekani katika lugha. Hayo ya wazazi yana sababu yake: mtoto akianza kubwabwaja, midomo hukutana tu, zinatoka p, b na m, na wazazi wanazigombania. Mwanaisimu Roman Jakobson aliliandikia jambo hilo. Lakini hata hapo usiweke dhamana: kwa Wageorgia, mama ndiye baba.

Mtoto_wa_Lubumbashi:
Kwetu Kongo papa ni baba, na mwanaume yeyote mzima unamuita hivyo kwa heshima. Siku ya kwanza Dar es Salaam nilienda feri, nikamwambia muuza samaki, "Jambo, papa." Akanijibu, "Papa ameisha, kuna changu na tasi."

Bint_Forodhani:
😂😂😂 Mzee wetu, andika squalo, ndio papa kwa Kitaliano. Squalo alla griglia. Neno papa liache pembeni kwa Kiswahili, umchore na samaki mwenyewe, hata huyo wa Argentina ataelewa.

Mpishi_wa_Pwani:
Ahsanteni nyote. Nimefuata ushauri wa binti. Mpwa wangu keshachora, ila papa katoka kama changu. Leo wanne wamekaa kula, na wote wanne wameagiza changu.