Nanga ipi inafaa kwa ngalawa ya mshipi?

Swali:
Ndugu zangu, ninavua chewa na changu kwa mshipi wa ndoana pembezoni mwa mwamba, kwenye kina cha pima 10 hivi (kama mita 18). Nanga yangu ya nondo ama hunasa kabisa, ama huburura mkondo unapokaza wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Je, nibaki nayo, nirudie jiwe, au niache chombo kielee?

Jibu la kwanza:
Kaka, umetoa kamba kiasi gani? Katika kina hicho kamba ya pima 12 husimama wima na kuing'oa nanga kila wimbi linapoinua omo, yaani mbele ya chombo. Toa walau pima 30, na uunge mnyororo wa pima moja au mbili kwenye nanga ili ivutwe ikiwa imelala. Jiwe hushika kwa uzito wake tu, kwa hiyo liache kwa siku za maji mafu, mkondo unapokuwa dhaifu.

Jibu la pili:
Kuhusu kunasa, funga kamba kitakoni mwa nanga, penye makucha, kisha uilaze kamba hiyo hadi kichwani mwa nanga na kuishikiza hapo kwa uzi mwembamba. Ikinasa, vuta kwa nguvu, uzi utakatika na nanga itatoka kinyumenyume. Afadhali zaidi uitupe mchangani, upande mkondo unakotoka, kamba ikurudishe hadi ukingoni mwa mwamba, kwani matumbawe yakivunjika samaki nao huhama. Kamba usiifunge tezi, yaani nyuma ya chombo, kamwe. Maji yataingia chomboni.

Muulizaji:
Nashukuru. Kamba yangu ni ya pima 14, nami nilikuwa nikiilaumu nanga.