Baiskeli wakati wa kaskazi: nafika mjini nimelowa na jioni kichwa kinauma

pedali_bamburi

Assalaam aleikum. Naendesha kutoka Bamburi hadi Moi Avenue, Mombasa mjini, kilomita 10 na ushei, siku tano kwa wiki. Natoka saa moja na nusu asubuhi, narudi saa kumi na moja jioni. Nguo ni fulana ya pamba, mkoba mgongoni. Maji nanywa lita mbili kwenda na kurudi, lakini kila jioni kichwa kinaniuma. Nianze kubadilisha nini?

kaskazi_na_kusi

Wa aleikum salaam. Anza na huo mkoba, ushushe mgongoni leo hii. Ubaya wa Mombasa si jua peke yake, ni fukuto. Hewa ya Februari imeshiba mvuke, na jasho humpoza mtu pale tu linapokauka juu ya ngozi. Linalodondoka chini ni maji yaliyopotea bure. Basi chochote kinachozuia upepo kufika mwilini kinakuchemsha. Funga karia, mzigo ukae nyuma ya kiti. Fulana ya pamba nayo hunywa jasho ikabaki nzito, halafu inachubua kwapa. Vaa jezi nyepesi ya poliesta, isiyobana, na shati la kazi ulikunje ndani ya mfuko wa nailoni.

Kisha tazama upepo, jambo ambalo wengi hawalihesabu. Kaskazi yatoka kaskazini mashariki, na wewe kwenda mjini unaipa mgongo. Ukienda kilomita 18 kwa saa na upepo unakusukuma kwa 12, hewa inayokupita ni ya 6 tu. Ndiyo maana miguu huwa myepesi na kifua kinawaka. Usidanganyike ukaongeza mwendo: weka gia nyepesi, uendeshe kwa nguvu ambayo bado unaweza kusema sentensi nzima bila kuhema. Jioni unaupokea usoni. Kazi inazidi lakini unapoa. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiingia, mambo yanageuka.

Na utoke saa kumi na mbili na robo. Alfajiri asilimia ya unyevu huwa juu kuliko mchana, hilo ni kweli, ila jua halijachoma lami na foleni ya Kongowea haijashikana. Ukisimama katikati ya matatu, upepo umekatika na injini zinakupulizia moto.

Ukifika usikimbilie bafuni. Mwili huendelea kutoa jasho baada ya kushuka, kwa hiyo ukioga papo hapo utalowesha na shati safi. Kaa chini ya feni dakika 15, ndipo uoge.

ndimu_na_chumvi

Kuhusu kichwa: maji hayakupungui, huenda ni chumvi. Jasho hutoka nayo, na ukirudisha maji matupu mengi unaizimua iliyobaki. Lita moja ya maji, robo kijiko cha chai cha chumvi (kijiko sawa, si cha mlima), vijiko viwili vya mezani vya sukari, ndimu moja. Kunywa mafunda machache kila dakika 10 au 15, nusu lita yatosha kwa safari moja. Mwenye shinikizo la damu amuulize daktari kwanza.

Kujua unapoteza kiasi gani, jipime kwenye mizani kabla na baada, bila nguo zilizolowa. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, kisha jumlisha na lita ulizokunywa njiani.

pedali_bamburi

Shukran sana. Na madafu je, si yanatosha?

ndimu_na_chumvi

Madafu yana potasiamu tele, lakini sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ni kidogo, na sodiamu ndiyo jasho linayoichukua zaidi. Kunywa, ila tia chumvi kidogo. Kwa anayefunga Ramadhani, saa ya mwisho kabla ya futari ndiyo bora, kwa mwendo wa polepole, kwa kuwa maji yako karibu.

kivuli_cha_mwembe

Niongeze la hatari. Ukisikia baridi au vinyweleo vikisimama ilhali jua linawaka, shuka hapo hapo, ingia kivulini. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hilo ni la hospitali, lakini mpoze kwanza: mmwagieni maji mwili mzima, mumpepee kwa leso iliyolowa, wakati gari linatafutwa. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui.

Mgeni aliyetoka bara ajipe siku 10 hadi 14 za safari fupi, mwili uzoee.

fundi_cheni

Mmesahau baiskeli yenyewe. Jasho linalodondokea boliti za usukani, pamoja na hewa ya bahari, huzila kwa kutu mpaka hazifunguki. Kila jioni pangusa usukani na fremu kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha kikavu. Mara moja kwa wiki tia tone la mafuta kwenye kila pingili ya cheni, izungushe, halafu ufute yaliyozidi, maana mchanga wa barabarani hunasa hapo. Boliti zipake grisi kabla ya kuzikaza. Na usiiache kwenye jua la utosi: hewa ya tyubu hupanuka, na kiraka kilichobandikwa kabla gundi haijakauka huachia.